Mama Mkwe wa Nyuma ya Mlima

Kila asubuhi, mji mzima ukiwa unapiga mswaki na kutafuta soksi, mume wa fundi cherehani alikuwa redioni akikohoa kikohozi cha mama mkwe wake.

Si kwamba kifua kilimsumbua. Kifua chake kilikuwa kizima, kipana, kifua cha mtu anayekula akashiba na kulala akatosheka. Kikohozi kilikuwa cha kuazima. Alikianza kwa kukwaruza koo, akakivuta, akakikatisha katikati ili aseme, kwa sauti nyembamba ya bibi kizee, "Mkwe wangu, hilo gunia halijibebi," kisha akakimalizia kwa mluzi. Hapo mji ulicheka. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa akisimamisha mashine kichwani mwa mteja ili acheke vizuri. Kipindi kiliitwa *Visa vya Mama Mkwe*, na mtangazaji mwenyewe alijiita Koo la Asali. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa siku ya kwanza hewani, akalirudia mpaka watu wakachoka kubisha.

Mke wake aliyasikia yote kupitia ukuta wa kinyozi. Alikuwa na chumba chake cha kushonea mbele ya nyumba, cherehani dirishani, pasi mezani, nguo za watu zimetundikwa kama foleni ya wagonjwa. Wateja wakiingia walimwambia, "Mama, mumeo atatuua kwa kicheko!" Naye alijibu kwa pini mdomoni, "Mmm." Pini ni kitu kizuri sana. Mtu mwenye pini mdomoni haombwi kutabasamu.

Kisa chenyewe kilianzia mbali. Kabla hajawa Koo la Asali, alikuwa mwanamume asiye na kazi, na mama mkwe aliwapokea yeye na mkewe huko bondeni, nyuma ya mlima, kwenye chumba cha stoo cha mashine yake ya kusaga. Wakakaa karibu mwaka. Mama yule, ambaye watu wote walimwita Mama Kinu, alikuwa ameusimamia mtambo ule tangu ujane wake ulipoanza, akalisha watoto, akasomesha, na malipo aliyopata mapafuni ni vumbi la unga. Kikohozi chake ndicho hicho. Mkwewe alipoombwa ashike upande mmoja wa gunia, mgongo ulimuuma. Alipoombwa afagie, alikuwa na mafua. Kutwa aliketi juu ya magunia ya watu, ameshika gunzi la mhindi mbele ya mdomo, akisema, "Hamjambo wasikilizaji wapenzi!" Na Mama Kinu, kwa sababu mkwe ni mgeni hata akikaa mwaka, alimpelekea chai kwenye kikombe kikubwa.

Shukrani yake ndiyo ikawa hiyo ya kila asubuhi.

"Yule ni mama yangu," mkewe alimwambia, wiki ile kipindi kilipoanza.

"Sijamtaja jina."

"Hujataja jina, lakini kikohozi ni chake."

"Wewe nawe! Watu wote wazima wanakohoa." Alikuwa mbele ya kioo, akijifunga tai. Mtu anakwenda kuongea redioni, mahali asipoonekana, na anafunga tai. "Halafu hawezi kusikia. Kituo chetu hakifiki bondeni. Muulize fundi mitambo kama mimi mwongo."

Akamuuliza kweli. Neno la mumewe alikuwa hajalitilia maanani tangu zamani, lakini fundi mitambo alikuwa mteja wake, mtu mrefu mkimya aliyepanda minara kwa kazi na kuchana suruali magotini kila mwezi. Alikuja na suruali yake, akaulizwa, akatazama huku na huku, kisha akachukua uzi mezani. Akafunga ncha moja kwenye kitasa cha dirisha, nyingine akaishika mkononi, akauvuta ukakaza.

"Mawimbi yetu yanakwenda hivi," akasema. "Yamenyooka. Antena inayorusha na antena inayopokea ni kama watu wawili wanaotazamana. Wakionana, wanasikizana." Akaisogeza pasi ikausukuma uzi. "Huu ndio mlima. Mnara wetu uko upande huu, kwa mama yako ni upande ule. Hawaonani. Kidogo kinamwagika pale juu ukingoni, ndiyo ule mkwaruzo unaousikia ukianza kuteremka. Ukifika chini, hakuna kitu."

"Mbona zamani tulizipata redio za nchi za mbali kule kule bondeni?"

"Zile ni mawimbi ya aina nyingine. Yanapanda, yanagonga huko juu angani, yanarudi chini. Ya kwetu yakipita yamepita. Hayageuki."

Fundi cherehani alifungua uzi wake, akauzungushia kwenye kibiringo. Aliwaza kwamba yeye ameolewa na mtu ambaye hata mawimbi yake yamenyooka kuliko yeye.

Basi ndivyo alivyokuwa mumewe. Kung'ong'a ni kumfanyia mtu mashavu na midomo akiwa amekupa kisogo, na kila mtoto hukanywa tabia hiyo kabla hajaota meno ya pili. Koo la Asali aliing'ong'a nyumba iliyomlisha, na kisogo alichokitegemea kilikuwa mlima mzima.

Naye mke hakujiona msafi. Kila alipokwenda kumsalimia mama yake, dereva alikuwa amefungulia kituo kile kile, na sauti ya mumewe ikawaandama abiria mpaka kileleni, imejaa, imenona. Kona ya kwanza ya mteremko ilianza kukwaruza. Kona ya pili ilikatika, na dereva akazima. Hapo fundi cherehani alipumua. Alifika kwa mama akala, akacheka, akasuka nywele za wapwa, asiseme lolote. Kisha njiani kurudi akajidharau, kwa kuwa na yeye alikuwa amejificha nyuma ya mlima uleule.

Mambo yalikaa hivyo hadi mwenye kituo alipopata tamaa ya bondeni. Kule kulikuwa kumefunguka maduka, na maduka yana matangazo. Akaamua kusimamisha mnara mwingine kileleni: antena moja itazame mjini ipokee, nyingine itazame bondeni irushe.

Jioni hiyo Koo la Asali alirudi nyumbani uso umemshuka kama kola isiyopigwa pasi. Hakugusa chakula.

"Bosi amerukwa na akili," akasema. "Watu wa bondeni si wasikilizaji wetu. Wana mambo gani ya redio wale? Nimemwambia pale juu kuna radi, radi itaunguza mitambo yote."

"Akasemaje?"

"Akasema radi hailipi matangazo."

Mkewe aliinamisha uso kwenye sahani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka kwa neno lililotoka kinywani mwa mumewe.

Ikatokea bahati, na bahati ya mwoga haidumu. Fundi mitambo alipokwisha kusimamisha mnara, sauti ilifika kileleni imechoka, inakatikakatika. Kumbe katikati ya minara miwili, pale mjini, kuna ghorofa jipya lenye tangi kubwa la maji juu ya paa. Ukisimama kileleni ukaangalia, mnara wa mjini unauona kwa jicho, umepita juu kidogo ya tangi. Lakini haitoshi kuona kwa jicho. Mawimbi yanataka na nafasi pembeni, juu na chini ya ule mstari, kama mtu aliyebeba kitanda kichwani anavyotaka mlango mpana kuliko mabega yake.

Koo la Asali alilipenda lile tangi. Kwa wiki kadhaa alilitaja mezani kama mtu anayemtaja rafiki wa utotoni. "Tangi lile haliondoki," alisema, akijimiminia mchuzi. "Mwenye ghorofa ni mbishi sana." Na asubuhi akakohoa kwa nguvu mpya. Safari hiyo alimpa Mama Mkwe kisa cha kusinzia kwenye mizani hadi akajipima mwenyewe.

Hakuna aliyekwenda kuliondoa tangi. Fundi mitambo alipanda akaihamisha antena juu zaidi mnarani, pande zote mbili, mstari ukapita juu ya tangi peupe kabisa. Akaja kwa fundi cherehani na suruali nyingine iliyochanika.

"Wiki ijayo bondeni watatupata," akasema. Kisha akaongeza, akitazama sakafu, "Nimeona nikuambie."

Fundi cherehani aliishona ile suruali pale pale. Mwenye suruali alipoondoka, alifunga mlango, akaenda dukani akanunua redio ndogo yenye sauti kubwa, akaivika mfuko aliokuwa ameushona kwa vitambaa vilivyobaki, akampa dereva ampelekee mama yake. Hakuandika neno wala hakupiga simu kueleza. Mama akapiga mwenyewe kushukuru.

"Mwanangu, redio nzuri hii! Nimeitundika mashineni, juu ya mizani. Wateja wakisubiri wasichoke."

"Vizuri, mama."

"Niweke stesheni gani?"

"Ya mjini, mama. Ile ya mkweo."

Siku ya mnara kufunguliwa ilipokaribia, Koo la Asali alitaka kuzika kipindi kimyakimya. Alimwambia bosi amechoka, wasikilizaji nao wamechoka. Bosi alimjibu kwamba mwenye kiwanda cha sabuni amekwisha kudhamini kipindi, kikohozi kimeshauzwa, na kama koo limechoka anywe maji ya moto. Kwa hiyo asubuhi ile akakohoa, mawimbi yakaondoka mjini yakapita juu ya tangi, yakafika kileleni, yakapokelewa, yakarushwa tena, yakashuka bondeni wima kama jiwe.

Hakikutokea kitu.

Siku ikapita, na ya pili, na wiki. Mama Kinu alipiga simu kama kawaida: wajukuu hawajambo, mvua imenyesha, mkanda wa mashine umekatika umeungwa. Habari za redio hakuzitaja. Fundi cherehani kila alipoona simu ya mama, aliweka sindano chini kwanza ndipo akapokea. Lakini mumewe, baada ya kutembea siku kadhaa kama mtu anayekanyaga mayai, alianza kuvimba tena.

"Unaona?" akasema. "Mama ana ucheshi. Amependa! Watu wa kule wanapenda kutajwa. Nimempandisha hadhi."

Mkewe alimtazama. Kuna dharau ya hasira, ambayo huunguza, na ikiisha mtu hujuta. Na kuna dharau iliyotulia kama maji ya mtungi, ambayo mtu anaweza kuishi nayo, akapika nayo, akafua nayo. Hiyo ya pili ndiyo iliyomkalia moyoni siku ile, na haikumtoka tena.

Baadaye Mama Kinu aliwaita wanawe wote. Umri umekwenda, alisema, anataka kumkabidhi mwanawe mkubwa mashine angali hai, wenzake wakisikia, pasije pakatokea maneno. "Na mkwe wangu aje," akasema kwenye simu. "Asikose."

Mkwe alikuwa na kazi. Halafu alikuwa na homa. Halafu alikuwa na kikao na mwenye sabuni.

"Utakuja," mkewe alimwambia, na kwa kuwa alilisema bila kupandisha sauti, akaja.

Walipoteremka upande wa pili wa mlima, kona ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, redio ya dereva ikaendelea kuimba vilevile. Koo la Asali alikuwa akitazama nje ya dirisha.

Mashineni walikuta redio juu ya mizani, nyeupe kwa unga, ikinguruma kituo cha mjini. Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu waliinuka wote. "Karibu mkwe! Karibu sana! Mpeni kiti." Akapewa kiti chenye mto. Akaletewa chai kwenye kikombe kikubwa. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Koo la Asali alizungusha shingo ndani ya kola, damu ikaanza kumrudi usoni, na hata akauliza wasikilizaji wa bondeni wanaipataje sauti.

"Safi kabisa," akajibu mwanamke mmoja kwa adabu. "Kama uko hapa hapa."

Wakakaa uani. Mama Kinu akasema maneno yake machache, akampa mwanawe mkubwa ufunguo wa mashine, akamwambia asimdhulumu mjane wala asipunje mizani. Watoto wakaitikia. Halafu akakaa sawa kwenye kigoda, akamgeukia mkwewe.

"Kabla hamjatawanyika," akasema. "Mkwe wangu anafanya kazi redioni. Kila siku namsikia akinisema. Leo amekuja mwenyewe, nami nimekaa hapa mbele yake. Baba, hebu nisemee."

Koo la Asali alicheka kidogo. "Mama, ule ni mchezo tu, ni kazi—"

"Najua ni kazi. Nami nataka kuiona kazi yako. Simama, baba. Anza na kikohozi."

Akasimama. Fundi cherehani, kaka zake, wapwa, wanawake waliosubiri unga wao, wote walimtazama bila chuki, kama wanavyomtazama fundi anayefungua boksi la vifaa. Akafungua mdomo. Kikatoka kitu kama cha paka aliyekwamwa na mfupa.

Mama Kinu akatikisa kichwa. "Sivyo. Hicho hakina kifua. Rudia."

Akarudia.

"Sivyo. Unakianzia kooni. Kikohozi changu kinaanzia huku chini, kwenye mbavu. Weka mkono hapa." Akajigusa ubavuni. "Kinapanda polepole, na kinauma. Wewe hujaweka maumivu. Rudia, mwanangu."

Akarudia mara nyingine, na nyingine, jasho likimlowesha kola, na kila mara alisahihishwa kwa upole, kama mama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mara ya mwisho Mama Kinu mwenyewe akashikwa, kikohozi cha kweli, kirefu. Akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti, binti yake akakimbia na maji. Kilipokwisha, alifuta macho, akameza maji, akasema kwa sauti iliyochakaa:

"Ndivyo kilivyo. Umekisikia? Haya kaa, chai yako inapoa."

Wanawake wakarudi kwenye zamu, mashine ikawashwa, na mtu akaja kumuuliza Koo la Asali kama ataongezewa sukari.

Njiani kurudi, walipofika kileleni, Koo la Asali aligeuka kutoka dirishani. "Mama yako amenidhalilisha," akasema.

"Amekufundisha kazi," mkewe akamjibu. "Mwaka mzima ulikuwa unakosea."

Kipindi kilikufa wiki hiyo. Alijaribu kukohoa mbele ya kipaza sauti, ikamtoka pumzi tupu. Akapiga muziki. Akasoma hali ya hewa mara mbili, ya leo na ya jana. Mwenye sabuni akalalamika, bosi akamtishia, na fundi cherehani, nyuma ya ukuta wa kinyozi, kwa mara ya kwanza akamwona mumewe jinsi alivyo bila mtu wa kumkanyaga: hana neno. Karibu amhurumie. Alianza hata kumpigia pasi mashati bila kuombwa.

Huruma ile iliisha siku fundi mitambo alipokuja na koti lililotatuka mkono.

"Mumeo alikuja kwenye mitambo jana," akasema. "Aliniuliza ni wapi bado hatufiki. Alitaka nimwonyeshe kivuli kingine kiko wapi."

Sindano ikasimama. "Ukamwonyesha?"

"Ramani iko ukutani, mama. Nilinyoosha kidole tu. Nyuma ya machimbo ya mawe, kwenye lile korongo. Pale hata mnara mpya hauoni."

Hakuhitaji kuuliza nani anaishi nyuma ya machimbo. Kule aliishi shangazi yake mumewe, dada wa baba, aliyemchukua mtoto yatima akamlea hadi akaota ndevu. Macho yake yalikuwa yakififia, na siku hizi alisalimia watu kwa kuwapapasa nyuso.

Jumatatu iliyofuata ukuta wa kinyozi ulipasuka kwa vicheko. *Visa vya Shangazi*. Shangazi amesalimia kabati. Shangazi ameomba radhi kwa mbuzi. Sauti ilikuwa imerudi, imejaa, imenona.

Watu waliosimuliwa habari hii hutarajia kusikia kwamba mke alibeba virago. Hakubeba. Nyumba ile waliijenga kwa cherehani yake, angekwenda wapi na kwa nini? Alichofanya ni kufunga chumba cha kushonea, kupanda gari hadi machimboni, na kumwambia shangazi kwamba hospitali ya mjini ina daktari wa macho, aje akae kwao mpaka atibiwe. Na daktari alikuwepo kweli, na miadi ilikuwa ya kweli.

Koo la Asali alirudi jioni, akafungua mlango akipiga mluzi, akamkuta shangazi sebuleni.

"Ni wewe, mwanangu?" Mikono ikanyooka ikamtafuta uso, ikampapasa paji, pua, mashavu. "Umenenepa! Mkeo ananiambia unasema redioni kila asubuhi, nchi nzima inakusikia. Na mimi kule korongoni sijawahi kuambulia hata neno. Kesho nitaamka mapema nikusikilize."

Alimtazama mkewe juu ya kichwa cha shangazi. Mkewe alikuwa akitandika meza.

Asubuhi kulikuwa na matangazo ya vifo, na bei za nafaka, na mbuzi aliyepotea mwenye sikio jeusi. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Na ndiyo kazi aliyobaki nayo hata leo, kwa sababu matibabu ya macho huchukua muda, na shangazi alipopona aliona nyumba ni nzuri na mke wa mwanawe ni mkarimu, akakaa. Kipindi cha vichekesho alipewa mtu mwingine. Jina la Koo la Asali lilififia lenyewe. Sasa watu humwita yule wa vifo.

Siku zile za mwanzo, shangazi alisogea karibu na redio, akatega sikio, akasubiri sana. Mbuzi alipopotea kwa mara ya pili, aliuliza:

"Hana jingine la kusema?"

"Hana, shangazi."

"Basi mzime, mwanangu, tuzungumze."